Kiti Bila Kanuni ya Urithi: Ugomvi wa Madaraka katika Ukhani wa Shaki, 1743–1819

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1743 na mwaka 1819, mji wa Shaki ulikuwa makao ya dola ndogo iliyotawaliwa na khani. Mji huo uko kwenye miteremko ya kusini ya Milima ya Kaukazi Kuu, kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo leo inaitwa Azerbaijani. Katika miaka hiyo 76, kiti cha ukhani kilikaliwa na watu tisa. Saba kati yao walitoka katika ukoo wa mwasisi, Haji Chelebi, na wawili wa mwisho waliletwa na Urusi. Kati ya hao saba wa ukoo wa Chelebi, ni mwasisi peke yake aliyefia madarakani pasipo kuuawa. Watatu waliuawa na watatu waliondolewa kwa nguvu, wawili kati ya hawa wa mwisho wakiwa wameshika kiti mara mbili kila mmoja.

Takwimu hizi zimewafanya waandishi wengi waitazame historia ya Shaki kama mfululizo wa visasi vya kifamilia. Mtazamo huo ulikuwa na manufaa ya kisiasa. Maofisa wa Dola ya Urusi waliofuta ukhani huo mwaka 1819 walihitaji kuonyesha kwamba watawala wa Kaukazi hawakuweza kujitawala, na kwamba kuwaondoa ilikuwa ni kuwaletea raia amani. Kwa hiyo, swali la kwa nini ndugu wa Shaki waliuana linagusa uhalali wa kufutwa kwa dola yao, na ndiyo maana linastahili kuchunguzwa upya.

Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, ugomvi wa Shaki ulikuwa na mpangilio: kukosekana kwa kanuni ya urithi kulimlazimisha kila mgombea kutafuta mlezi nje ya mipaka, na kila mlezi aliyefuata alikuwa mkubwa kuliko aliyemtangulia. Pili, ugomvi huo haukuwa chanzo cha kuanguka kwa ukhani. Uliamua tu namna na wakati wa kuanguka kwake. Hoja ya pili itathibitishwa kwa kulinganisha Shaki na khani jirani.

2.0 Vyanzo na Namna ya Kuvisoma

Mtafiti wa historia ya Shaki hutegemea aina tatu za maandishi. Ya kwanza ni maandishi ya wanaukoo wenyewe, hususan historia fupi ya makhani wa Shaki iliyoandikwa na Karim Agha Fateh, aliyekuwa mzao wa makhani hao. Ya pili ni kazi za wasomi wa eneo hilo, na iliyo mashuhuri zaidi ni Gulistan-i Iram ya Abbasqulu Bakikhanov, iliyokamilishwa mwaka 1841 kwa lugha ya Kiajemi. Ya tatu ni nyaraka za serikali ya Urusi: mikataba, barua za makamanda waliokaa Tiflis, na maelezo ya jimbo la Shaki yaliyokusanywa mwaka 1819 mara tu baada ya ukhani kufutwa.

Hakuna hata kimoja kati ya vyanzo hivi kisicho na upande. Fateh aliandika juu ya jamaa zake. Bakikhanov alikuwa mtoto wa khani wa Baku, akawa mtumishi wa serikali ya Urusi kama mkalimani. Wakusanyaji wa maelezo ya mwaka 1819 walitaka kujua mapato ya ardhi na idadi ya walipa kodi, si heshima ya ukoo. Pamoja na hayo, vyanzo hivi vinaafikiana katika jambo moja la msingi: kila vinapoeleza kuondolewa kwa khani fulani, vinataja pia jeshi au mlezi wa nje aliyehusika, au hali ya nje iliyofungua mlango. Makala haya yamejengwa juu ya maafikiano hayo.

3.0 Usuli: Uasi Uliozaa Dola

Ukhani wa Shaki ulizaliwa na uasi. Katika miaka ya mwanzo ya 1740, Shaki ilikuwa sehemu ya milki ya Nader Shah wa Uajemi na ilisimamiwa na mtawala wa mahali hapo aliyeitwa Malik Najaf. Raia walilalamikia kodi na dhuluma zake. Nader alimteua Haji Chelebi, mtu wa ukoo uliojulikana hapo Shaki, kuwa wakili wa kuangalia mwenendo wa mtawala huyo. Uteuzi huo haukuleta suluhu. Mwaka 1743 Chelebi aliongoza uasi, Malik Najaf akauawa, na Chelebi akatangazwa khani.

Nader alikuja mwenyewe na jeshi lake. Watu wa Shaki walijifungia katika ngome ya milimani iliyoitwa Gelersen-Gorersen, jina lenye maana ya “ukija utaona”, na mfalme aliyekuwa amefika Delhi akashindwa kuitwaa. Nader alipouawa mwezi Juni 1747, milki yake ilivunjika na khani nyingi zikachipuka kusini mwa Kaukazi: Karabakh, Ganja, Shirvan, Quba, Baku na nyinginezo. Shaki ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Mwaka 1752 Haji Chelebi aliyashinda majeshi ya wafalme wa Georgia, Teimuraz wa Pili na mwanawe Erekle wa Pili, na kwa muda mfupi Shaki ikawa nguvu ya kuogopwa na majirani wote.

Jambo la kuzingatia hapa ni msingi wa uhalali wa Chelebi. Hakuwa na hati ya mfalme, wala hakurithi kiti kwa baba yake. Alitawala kwa sababu aliasi na akashinda. Alipofariki mwaka 1755, alichowaachia watoto na wajukuu wake ni kiti ambacho kielelezo chake cha pekee cha kukipata kilikuwa ni kuwa na nguvu kuliko aliyekikalia. Kila mwanamume wa ukoo wake aliweza kudai haki sawa, na hapakuwa na baraza, desturi wala maandishi ya kumwambia kwamba zamu yake haijafika.

4.0 Mzunguko wa Kwanza: Walezi wa Karibu, 1755–1783

Aliyemfuata Chelebi alikuwa mwanawe Agakishi. Ili kujiimarisha, Agakishi aliungana kwa ndoa na Muhammad Khan, mtawala wa Kazikumukh ng’ambo ya milima, katika Dagestan. Ndoa za namna hiyo zilikuwa chombo cha kawaida cha siasa: mkwe alikuwa ni jeshi la akiba. Hata hivyo, jeshi la akiba lina mwenyewe. Mwaka 1759 Agakishi aliuawa na baba mkwe wake huyo, ambaye kisha aliingia Shaki kwa nia ya kuitawala. Hapo ndipo Husayn, mjukuu wa Chelebi, alipokusanya wafuasi, akawafukuza wageni na kushika kiti.

Husayn Khan, aliyetunga mashairi kwa jina la Mushtaq, alitawala kwa miaka 21. Wakati wake mji wa kale uliharibiwa na mafuriko ya tope mwaka 1772, na wakazi wakahamia mahali pa juu zaidi ambapo ndipo mji ulipo hadi leo. Nje ya mipaka, Husayn alishirikiana na Fath Ali Khan wa Quba, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wa upande wa Bahari ya Kaspi. Mwishoni mwa miaka ya 1760 wawili hao waliivamia Shirvan na kuigawana, kisha wakagombana juu ya mgawo. Ushirikiano ulioongeza ardhi ya Shaki ukageuka kuwa uadui uliomdhoofisha mtawala wake.

Mwaka 1780 Husayn aliuawa na Haji Abdulqadir, ami yake, ambaye alikuwa mtoto wa Chelebi. Tendo hili linaeleza tatizo la urithi kuliko mengine yote. Kwa hesabu ya vizazi, Abdulqadir alikuwa karibu zaidi na mwasisi kuliko mtu aliyemuua, na alitawaliwa na mtoto wa ndugu yake kwa miongo miwili. Katika dola ambayo mkubwa wa ukoo ndiye hurithi, kiti kingekuwa chake. Katika dola ambayo mtoto hurithi baba, kiti hakikuwa cha Husayn wala chake, bali cha watoto wa Agakishi. Shaki haikuwa imechagua kati ya kanuni hizo mbili, hivyo pande zote mbili zingeweza kusema zinadai haki. Miaka mitatu baadaye Muhammad Hasan, mtoto wa Husayn, alimwondoa Abdulqadir na kumuua.

5.0 Mzunguko wa Pili: Walezi wa Mbali, 1783–1805

Muhammad Hasan Khan hakuwa mtawala asiyejali utawala. Anakumbukwa kwa hati iitwayo Dastur al-Amal, iliyopanga wajibu wa wakulima na malipo yao kwa khani na maofisa wake. Utajiri wa Shaki ulitokana na hariri. Miforsadi ilipandwa katika mashamba ya khani, na wakulima walioitwa ranjbar walifanya kazi katika mashamba hayo. Hati hiyo inaonyesha kwamba ukhani ulikuwa na uwezo wa kuandika sheria na kuzisimamia. Sheria ilikuwapo ya kumwambia ranjbar anadaiwa nini, lakini haikuwapo ya kumwambia mtoto wa khani lini asubiri na lini atawale.

Kasoro hiyo ilijitokeza mwaka 1795, Agha Muhammad Khan Qajar alipovuka mto Aras ili kuirudisha Kaukazi chini ya Uajemi. Uvamizi huo uliiteketeza Tiflis na kuitikisa kila khani. Katika vurumai hiyo Muhammad Hasan alipofushwa na Waqajari, na ndugu yake Selim akashika kiti. Kupofushwa kulikuwa na maana mahususi katika siasa za Kiajemi: kulimwacha mtu hai huku kukimvua sifa ya kutawala. Kwa Shaki, hata adhabu hiyo haikutosha kufunga mjadala. Agha Muhammad alipouawa mjini Shusha mwezi Juni 1797, Muhammad Hasan alirudi na kutawala tena akiwa kipofu, mpaka mwaka 1802 alipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Fatali Khan wa ukoo huohuo. Kufikia Mei 1805, Selim alikuwa amerejea kitini.

Tukihesabu kuanzia mwaka 1795 hadi 1806, kiti cha Shaki kilibadili mikono angalau mara tano. Mabadiliko hayo yakilinganishwa na yale ya mzunguko wa kwanza, tofauti inaonekana wazi. Mwaka 1759 mgeni aliyeingilia kati alikuwa mtawala wa milima ya jirani, na mtu wa ukoo aliweza kumfukuza. Mwaka 1795 mgeni alikuwa mwasisi wa nasaba mpya ya Uajemi, na kilichowapa Washaki nafasi ya kubadili matokeo ni kifo chake tu. Mwaka 1796 jeshi la Urusi chini ya Valerian Zubov lilikuwa limeshuka kupitia Derbent na Baku, likarudishwa nyuma kwa sababu Malkia Catherine wa Pili alifariki. Hatima ya kiti kidogo cha milimani ilikuwa imeanza kutegemea vifo vya watawala wa Tehran na St. Petersburg.

6.0 Mkataba wa Mwaka 1805: Kanuni Iliyoletwa na Mgeni

Warusi waliiteka Ganja mwanzoni mwa mwaka 1804, na khani wake, Javad, akafa akiilinda ngome yake. Funzo lilieleweka. Mwezi Mei 1805, kambini kando ya mto Kurekchay, Ibrahim Khalil Khan wa Karabakh alitia saini mkataba wa kuwa chini ya Urusi mbele ya Jenerali Pavel Tsitsianov. Siku chache baadaye, tarehe 21 Mei, Selim Khan alifanya vivyo hivyo. Karabakh ilikubali kulipa sarafu 8,000 za dhahabu kwa mwaka na Shaki 7,000. Vikosi vya Urusi vingewekwa katika makao yao, na mawasiliano yao na madola mengine yangepitia kwa kamanda wa Kirusi. Kwa upande wake, Urusi iliahidi kuwaachia mamlaka ya ndani na kuwatambua wao na warithi wao, kwa sharti kwamba kila khani mpya athibitishwe na mfalme wa Urusi.

Wachambuzi wengi husisitiza fedha na askari. Makala haya yanaona kwamba kwa Selim, sharti la uthibitisho ndilo lililokuwa na uzito zaidi. Alikuwa mtu aliyenyang’anya kiti, akanyang’anywa, kisha akanyang’anya tena. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1743 mtawala wa Shaki alipewa jibu lililoandikwa kwa swali la nani ana haki ya kutawala, na jibu hilo lilikuwa yeye na uzao wake. Kanuni ambayo ukoo ulishindwa kuitunga kwa miaka 62 ilipatikana kwa siku moja. Bei yake ilikuwa kwamba ufunguo wa kiti uliwekwa mfukoni mwa mtu mwingine. Anayethibitisha anaweza pia kukataa kuthibitisha. Na dhahabu 7,000, ambazo Selim aliahidi kwa ajili ya usalama wake, zilipaswa kutoka katika jasho la ranjbar na wakulima wengine ambao hawakuwa na mgombea yeyote katika ugomvi huo.

Mkataba ulidumu mwaka mmoja. Mwezi Februari 1806 Tsitsianov aliuawa nje ya kuta za Baku. Miezi michache baadaye, karibu na Shusha, askari wa Urusi walimuua Ibrahim Khalil Khan pamoja na watu wa nyumba yake, kwa kumshuku kuwa anaelekea upande wa Uajemi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mkewe, dada yake Selim. Selim, aliyekuwa shemeji wa marehemu, aliasi na kukifukuza kikosi cha Urusi kilichokuwa Shaki. Kufikia vuli ya mwaka huo Warusi walikuwa wameuteka mji tena, na Selim akakimbilia Uajemi.

Undugu wa ndoa, ambao mwaka 1759 ulimuua mtawala wa Shaki, mwaka 1806 ulimsukuma mwingine kupoteza kila alichokuwa amekipata. Itakuwa makosa kumsoma Selim kama mtu wa tamaa tupu. Aliwahi kuuza uhuru wa dola yake ili apate kiti, na akakitoa kiti hicho alipoona mlezi aliyemthibitisha ameua dada yake.

7.0 Khani Asiye na Ukoo, 1806–1819

Baada ya Selim, Urusi ilitumia haki yake ya uthibitisho kwa namna ambayo mkataba haukuitaja. Haikumtafuta mwingine katika uzao wa Chelebi. Ilimweka Jafar Quli Khan Dunbuli, aliyekuwa mtawala wa Khoy katika Uajemi na aliyekimbilia kwa Warusi baada ya kukosana na Waqajari. Alikuja na wafuasi wake kutoka kusini, akawa khani Mshia juu ya mji ambao wakazi wake wengi wa Kiislamu walikuwa Wasuni. Hakuwa na mizizi Shaki, na kwa macho ya Tiflis hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake: mtawala asiye na jamaa hapo hana mtu wa kumtegemea ila anayemlinda.

Alipofariki, nafasi yake ilichukuliwa na mwanawe Ismail. Kwa kejeli ya historia, urithi huu wa baba kwa mwana ulipita bila vita vya ndugu, kwa kuwa haukuamuliwa tena Shaki. Mwaka 1813 Mkataba wa Gulistan ulikuwa umeifanya Uajemi itambue mamlaka ya Urusi juu ya Shaki na khani nyingine nyingi, hivyo mgombea yeyote wa uzao wa Chelebi aliyekuwa uhamishoni alipoteza mlezi wa mwisho. Ismail alipofariki mwaka 1819, Jenerali Aleksei Yermolov aliufuta ukhani na kuugeuza jimbo.

8.0 Ulinganisho na Khani Jirani

Kama ugomvi wa ndani ndio ulioiangusha Shaki, tungetarajia khani zilizotulia zaidi zibaki. Hazikubaki. Karabakh, baada ya ugomvi wa mwanzo kati ya Ibrahim Khalil na ndugu yake Mehrali, ilikuwa na mtawala mmoja kwa zaidi ya miaka 40, naye akapokewa na mwanawe Mahdi Quli. Ukhani huo ulifutwa mwaka 1822, Mahdi Quli alipokimbilia Uajemi. Mustafa Khan wa Shirvan alitawala kwa muda mrefu kwa mkono imara, akakimbia mwaka 1820 na ukhani wake ukaisha. Ganja haikupata hata nafasi ya mkataba: ilitekwa mwaka 1804 na jina lake likabadilishwa. Utulivu, ukaidi na unyenyekevu vyote vilifika mwisho uleule katika muda wa miaka isiyozidi 20.

Kilichotofautiana ni njia. Ganja iliisha kwa vita, Shirvan na Karabakh kwa kukimbia kwa khani. Shaki iliisha kwa hatua: kwanza ilipoteza haki ya kuamua mtawala wake mwaka 1805, kisha ikapoteza ukoo wake wa utawala mwaka 1806, na mwisho ikapoteza jina la ukhani mwaka 1819. Ni katika hatua mbili za kwanza ndipo ugomvi wa ndugu ulipofanya kazi. Uliwafanya wagombea wazoee kupeleka mashauri ya nyumbani kwa watu wa nje, hata ilipofika siku ambayo mtu wa nje alikataa kuondoka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mauaji na mapinduzi ya Shaki hayakutokana na tabia ya watu wa Kaukazi, kama maofisa wa dola iliyowateka walivyopenda kuamini. Yalitokana na dola iliyoanzishwa kwa uasi wenye mafanikio na ambayo haikupata nafasi ya kuugeuza ushindi huo kuwa kanuni. Wagombea walifanya uamuzi ambao kila mmoja peke yake ulikuwa na mantiki: kumtafuta mwenye jeshi. Jumla ya maamuzi hayo ilihamisha mamlaka ya kuchagua khani kutoka Shaki hadi Kazikumukh, kutoka Kazikumukh hadi kambi ya Waqajari, na hatimaye hadi Tiflis.

Vilevile, makala yameonyesha mpaka wa hoja hiyo. Khani zilizokuwa na urithi wenye utulivu zaidi zilifutwa katika kipindi hichohicho na dola hiyohiyo. Kwa hiyo haifai kuwatwika Selim, Muhammad Hasan au Abdulqadir mzigo wa kuanguka kwa dola yao. Dhima yao ni ya kile walichokitenda dhidi ya jamaa zao na raia wao. Utekaji una wenyewe, na nyaraka za utekaji ndizo zilizosisitiza ugomvi wa ndugu ili wenyewe hao wasionekane.

Utafiti zaidi unahitajika juu ya upande wa walipa kodi. Maelezo ya jimbo ya mwaka 1819 yakisomwa sambamba na Dastur al-Amal, yanaweza kuonyesha ni mzigo gani ulioongezeka kwa ranjbar kila kiti kilipobadili mikono. Historia ya ugomvi wa makhani itakamilika pale tutakapoweza kueleza waliogharimia ugomvi huo bila kuulizwa.